Roli inakosa nguvu Kitonga na inatetemeka sailensa, mashine imesoma P0087 na P0202. Nianze na pampu au injekta?

#1 Viazi Mviringo
Wakuu habari. Nina Isuzu ya kubebea viazi, injini 4HK1, silenda nne, komoni reli (injekta zote zinalishwa na bomba moja lenye mafuta ya presha kubwa), umeme wa volti 24. Inashusha viazi kutoka Njombe kwenda Dar na kurudi na saruji au vifaa vya ujenzi. Imeanza mwezi uliopita. Asubuhi ukiiwasha inatetemeka kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) mpaka kioo cha pembeni huoni kitu, inatoa moshi mweupe kama dakika tano hivi halafu inatulia ila haitulii kabisa, kuna mdundo mmoja unakosekana, ukitega sikio unausikia. Barabara ya tambarare haina shida, Chalinze mpaka Mikumi inakwenda vizuri tu. Shida ni mlima Kitonga. Ikirudi na mifuko 100 ya saruji ikifika kona za katikati taa ya injini inawaka, nguvu inakata, inabaki inatambaa na foleni nyuma inapiga honi. Dereva akizima akasubiri kidogo akawasha tena inapanda kama hakijatokea kitu, mpaka kona nyingine.

Nimepima Makambako, zimetoka kodi mbili (namba za hitilafu za kompyuta ya gari), P0087 na P0202. Fundi wa kwanza kasema pampu imekufa. Wa pili kasema injekta zote nne. Hakuna aliyefungua hata boliti moja. Hela niliyonayo inatosha kimojawapo, sio vyote, na msimu wa viazi haunisubiri. Naomba wenye uzoefu.

#2 tanboi mstaafu
Kodi tena? Za TRA au za pango hahaha. Nakaa pembeni hapa nasubiri wataalamu.

#3 komoni_reli
Mkuu usinunue kitu bado. P0087 inasema presha ya mafuta kwenye reli iko chini ya ile kontroo boksi (kompyuta ya injini) inayoitaka, basi, neno pampu halimo. Presha ikishuka ujue ama mafuta hayafiki ya kutosha, ama yanafika halafu yanapotea. Hayafiki: filta imeziba, kichujio cha ndani ya tenki, bomba la kunyonya linaingiza hewa, ile vali ya SCV inayopima mafuta ya kuingia kwenye pampu inakwama, au pampu kweli imelika. Yanapotea: injekta zinamwaga mafuta mengi kwenye ritani (bomba la kurudisha mafuta tenkini), au presha limita, vali ya kupunguza presha ikizidi, pale kwenye reli haifungi vizuri. Hapo tayari ni vitu saba na mafundi wako kila mmoja kachagua chake kwa macho.

Rudi kwa mwenye mashine mwambie akutolee frizi frem, yaani picha ya hali ilivyokuwa sekunde ile taa ilipowaka: mzunguko wa injini, joto, presha iliyotakiwa na presha iliyokuwepo. Na muhimu, asifute kodi kabla hamjaandika, watu wengi wanafuta kwanza halafu wanaanza kukisia.

P0202 ni kesi nyingine kabisa, ni saketi ya injekta ya silenda ya 2. Huo ni umeme.

#4 Spana 17
SCV hiyo wala usizunguke. Nimebadilisha nyingi sana na dalili ni hizo hizo, mlimani inakata, ukizima ukiwasha inapona. Vali inakwama kwa uchafu, ukizima inaachia. Badili SCV uje utoe ushuhuda hapa.

#5 Mzee wa Kitonga
Vijana salamu. Mimi nimepanda huo mlima toka enzi za magari ya pua. Silenda inayokosa unaijua bila kompyuta. Washa injini, chukua spana legeza nati ya paipu ya nozo (injekta) moja moja. Ukilegeza na injini ikabadilika mlio hiyo ni nzima, ukilegeza na mlio haubadiliki ndiyo hiyo mgonjwa. Dakika kumi umemaliza, bure.

#6 komoni_reli
MZEE HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa lakini mtu asije akasoma post #5 akaenda kufanya. Hiyo ilikuwa sawa kwenye pampu za zamani. Komoni reli injini ikiunguruma ile paipu ina presha ya mamia ya bar hata kwenye sailensa, na ikivuta mzigo zinafika 1,600 na zaidi. Ukilegeza nati ule mchirizi unapita kwenye glavu na ngozi.

#7 Makanika wa Changamwe
Naunga mkono #6. Nilishuhudia gereji moja huku Mombasa, jamaa alikuwa anatafuta mahali panapovuja akapitisha kidole kando ya paipu injini ikiwa on. Alisikia kama amedungwa na mwiba tu, alama ndogo ya damu, akapangusa akaendelea na kazi. Jioni mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Daktari alipasua kidole chote kuosha dizeli ndani na bado alipoteza kipande. Wakuu, dizeli ikikuingia chini ya ngozi usingoje maumivu, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie waziwazi ni mafuta ya presha yamekuingia, kwa sababu kidonda chenyewe kinaonekana si kitu. Kutafuta mvuje tumia kipande cha kadibodi, na paipu hufunguliwi mpaka injini imezimwa na umengoja presha ishuke.

#8 Mzee wa Kitonga
Nimeelewa wanangu, nashukuru kunirekebisha. Nilikuwa nasema zile za pampu ya laini. Hizi za kompyuta sijazifungua. Ila nina swali kwa mwenye gari, ikikata hapo Kitonga tenki linakuwa limebaki mafuta kiasi gani? Maana kupanda mlima mafuta yanakimbilia nyuma ya tenki.

#9 Nyaya na Fyuzi
Wote mmeirukia P0087 na mmeiacha P0202 imesimama mlangoni. Silenda moja ikikosa, huo ndio mtetemo wake wa sailensa, hauhitaji nadharia nyingine. Kwenye 4HK1 nyaya za injekta zinapita ndani ya kava ya juu na zinafungwa kwenye injekta kwa vinati vidogo. Vikilegea kidogo tu umeme unakatikakatika, hasa injini ikiwa baridi. Au waya umesuguana na bracket huko nje ngozi imetoka. Nimeshawahi kupewa gari ambalo lilibadilishiwa injekta mbili bure kabisa, tatizo waya umekatika ndani ya gamba lake, kwa nje unauona mzima.

Fanyeni hivi: injini imezimwa, pimeni omu (ukinzani wa umeme) za injekta zote nne mkilinganisha. Halafu tikiseni nyaya wakati mnapima. Na msichomoe soketi ya injekta injini ikiwa inaunguruma, zile zinapigwa volti zaidi ya 100 kufunguka, sio volti 24 mnazozizoea.

#10 Dada Logistiki
Nina magari matatu njia hiyo hiyo naomba niseme ambalo hakuna anayelisema. Muulize dereva wako anaweka mafuta wapi. Mimi yalinikuta, gari linakata mlimani, nikabadili filta ikaziba ndani ya wiki mbili, nikabadili tena. Kumbe mafuta yangu yanauzwa njiani na pengo linajazwa na ya vidumu, mengine yamechanganywa na mafuta ya taa na mengine yana maji. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu, na pampu ya komoni reli inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita humo. Unaua pampu na injekta kwa pamoja.

#11 Sukani Tu
Dada hapo umetuonea. Kila kitu dereva. Gari halifanyiwi sevisi, filta inapigwa upepo inarudishwa, likikata mlimani dereva mwizi. Mimi nina miaka 14 barabarani sijawahi kuuza hata lita. Na vituo vyenyewe vipo vyenye maji kwenye matenki yao hasa baada ya mvua, unaweka mafuta kwa risiti kabisa na gari linakufa kilomita 40 mbele.

#12 Dada Logistiki
Sijasema wote kaka. Nimesema yaliyonikuta. Risiti nilikuwa naletewa na mimi.

#13 tanboi mstaafu
Mafuta ya taa si yaliisha baada ya EWURA (wasimamizi wa nishati) kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, 2013? Sasa hivi uchakachuaji ni hadithi.

#14 mbeya baridi
Vinasaba vilianza 2010 mkuu, na mwaka uliofuata, 2011, serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa (hii ndiyo kodi yako ya TRA sasa) ili kuchakachua kusilipe. Vilipunguza sana kweli. Ila vinasaba vinapimwa kwenye vituo, kidumu cha kando ya barabara nani anakipima?

#15 Viazi Mviringo
Asanteni wote, sikutegemea msaada huu. Dereva ni mtoto wa dada yangu, nimemuuliza kwa upole akakasirika siku mbili, ila alichosema ni kwamba msimu huu aliwahi kuweka ya vidumu mara moja Ruaha Mbuyuni baada ya kuishiwa usiku. Mara moja. Namuamini.

Mzee wa Kitonga, tenki linakuwa nusu hivi au chini kidogo.

Frizi frem tumepata. Mzunguko 1,900, joto la maji 88, presha iliyotakiwa 120 MPa (yaani bar 1,200), iliyokuwepo 84. Fundi amefungua filta, imetoka nyeusi kama masizi. Halafu kafungua ile boliti ya mafuta yanapoingilia kwenye pampu, ndani kuna kichujio kidogo kama chujio la chai, nusu yake kimejaa utando wa kama jeli. Tumesafisha, filta mpya, tenki tumelimwaga chini kabisa, yametoka maji karibu nusu lita. P0202 hatujaigusa bado.

#16 komoni_reli
120 kwa 84, hilo ni pengo kubwa. Na hiyo jeli ni vimelea vinavyoota pale maji yanapokutana na dizeli. Kama vimefika kwenye kichujio cha pampu basi na bomba la ndani ya tenki lina kofia yake pia imeziba, litoe mlione. Sasa usitangaze ushindi, mpeleke mlimani na mzigo.

#17 Spana 17
Uchafu umefika kwenye kichujio halafu mnadhani SCV imebaki safi? Nasubiri.

#18 Foleni Tunduma
Samahani nadandia uzi, nipo foleni mpakani siku ya tatu sina la kufanya. Semi yangu nayo inatetemeka na dashibodi inaandika SPN 157 FMI 18. Hizo P zenu mimi sina. Na nimenunua kile kidude cha bluetuthi cha kuchomeka, soketi haiingii, duara yenye tundu tisa. Jamaa akanipa adapta, nikachomeka kikanuka kikafa.

#19 komoni_reli
Foleni pole. Hayo magari makubwa yanaongea lugha yao inaitwa J1939. SPN ni kitu chenyewe, FMI ni kilivyoharibika. 157 ni presha ya reli, FMI 18 iko chini ya kawaida kwa kiasi cha kati. Kwa hiyo wewe na Viazi Mviringo mnaumwa sehemu moja, lugha tofauti. Ingekuwa 157 na FMI 3 au 4 ningekwambia angalia sensa na waya wake kwanza, maana hizo ni volti kupanda au kushuka kupita kiasi, sio presha yenyewe.

Na kidude kimekufa kwa sababu vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa gari ndogo za volti 12, gari lako ni 24.

#20 Nyaya na Fyuzi
Nyongeza kwa Foleni, umekaa siku tatu unawasha redio na kuchaji simu, pima betri zako kabla hujaamini kodi yoyote. Betri ikidondoka wakati stata inazungusha kontroo boksi inaona vitu ambavyo havipo, unaweza kupata kodi sita mpya asubuhi na zote ni njaa ya umeme. Angalia na waya wa ethi kutoka injini kwenda chesisi, kutu pale imeshawatesa wengi.

#21 Foleni Tunduma
Betri moja ina 12.6 nyingine 11.4. Aisee.

#22 mbeya baridi
Turudi kwa mwenye uzi. Jamani, mmeusahau moshi MWEUPE. Njombe mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli, gari linalala nje, asubuhi barafu nyembamba iko kwenye majani. Moshi mweupe ni dizeli ambayo haijaungua. Ama plagi za kupasha moto hazifanyi kazi, ama silenda moja kompresheni (mgandamizo wa hewa) imeshuka, ama injekta inatiririsha badala ya kupuliza. Plagi mbovu hata kodi isingetoa. Na kama vali hazijasetiwa miaka, kipimo chake 0.4 mm injini ikiwa baridi, vali ikikaza haifungi vizuri na silenda inapoteza nguvu ikiwa ya baridi halafu unaona inatulia ikipata moto. Ndicho hicho kinachotokea kwake. Kabla ya yote piga kompresheni.

#23 Makanika wa Changamwe
Na EGR je? Vali ya EGR ikikwama wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe kwenye sailensa na inatetemeka hivyo hivyo.

#24 mbeya baridi
EGR ikikwama wazi moshi ungekuwa mweusi na gari lingekuwa zito hata tambarare. Huyu kasema tambarare freshi.

#25 Makanika wa Changamwe
Si lazima ikwame yote. Ikiwa imebakisha ufa mdogo, kwa sailensa utaisikia na kwa barabara hutaisikia. Nimezisafisha, zinajaa masizi kama bomba la jikoni la kuni.

#26 Sukani Tu
Hapa kwetu wanaziba na kibati tu.

#27 Makanika wa Changamwe
Wanaziba ndio, kisha taa ya injini inawaka daima na siku tatizo la kweli likija dereva ameshaizoea taa. Mimi nasafisha.

#28 Viazi Mviringo
Ripoti. Gari limepanda Kitonga juzi na mifuko 100 halikukata. Taa haikuwaka. Nilishukuru Mungu. Lakini mdundo wa kukosa bado upo pale pale, asubuhi moshi mweupe uko pale pale, na P0202 haijarudi tangu tuifute.

#29 komoni_reli
Basi P0087 ilikuwa uchafu. Kwa sasa.

#30 Spana 17
"Kwa sasa" hahaha. Umeacha mlango wazi mwenyewe. Na ile mifuko ni 100 kweli mkuu au 140? Tunajuana. Na viazi unapeleka na lumbesa (magunia ya kujaza kupita kiasi) au?

#31 Viazi Mviringo
100 mkuu, nina mizani ya kupita. Lumbesa nimeacha, wakulima wenyewe wanalia.

#32 Mzee wa Kitonga
Hongera. Ila safari moja isikutie kiburi, mlima ule una siku zake. Siku ukipanda saa nne asubuhi sio sawa na kupanda saa tisa mchana, bondeni Ruaha kuna joto la kuoka mkate. Magari mengi yanakataa mchana na usiku yanapanda.

#33 komoni_reli
Mzee hapo umegusa kitu kikubwa. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na kitu kilicholika ndani ya pampu au injekta kinavujisha zaidi mafuta yakiwa mepesi. Kwa hiyo pampu chovu inaweza kufaulu usiku na ikafeli mchana. Viazi Mviringo, juzi ilipanda saa ngapi?

#34 Viazi Mviringo
Saa tano usiku.

#35 Spana 17
Haya.

#36 Viazi Mviringo
Wakuu poleni kwa kimya. Imerudi. Safari ya Jumanne mchana, saa nane, kona ile ile. P0087 peke yake. Dereva akafanya nilichomwelekeza kutoka kwa fundi, alibeba kidumu kipya cha dizeli safi, akachomoa bomba la kwenye tenki akanyonyesha kutoka kwenye kidumu. Akatoa hewa kwa pampu ya mkono, akawasha, akapanda. Ikapanda kilomita kama moja na nusu bila taa, kisha ikawaka tena lakini safari hii haikukata nguvu yote.

Gari likafika Njombe tukafungua kava ya juu. Nyaya na Fyuzi, kinati cha injekta ya 2 kilikuwa kinazunguka kwa vidole. Tumekaza. Omu zote nne ziko karibu sawa. Tukapima na ritani, tulitumia chupa ndogo za maji nne, dakika moja: ya 1 na ya 3 chini kabisa ya chupa, ya 4 karibu mara mbili yake, ya 2 karibu mara tatu. Halafu fundi akaona kitu, injekta ya 2 lebo yake inatofautiana na zile tatu. Gari nililinunua likiwa limetumika, kumbe kuna mtu alishabadili hiyo moja.

#37 Nyaya na Fyuzi
Kinati! Niliandika #9.

#38 komoni_reli
Nati ni kweli, lakini nati haimwagi mafuta mara tatu kwenye ritani. Hiyo injekta ya 2 imelika, na ndiyo inayoshusha presha mafuta yakipata moto. Tena injekta mpya inakuja na namba zake za urekebishaji, kuna injini lazima uziandike kwenye kontroo boksi ndipo ijue hii inapuliza kiasi gani. Kama aliyebadili hakuandika, silenda ya 2 inapewa dozi ya injekta ambayo haipo tena. Inatetemeka hata ikiwa mpya.

#39 Spana 17
Na kidumu je? Kaweka mafuta safi ikapanda kilomita moja na nusu. Injekta imelika inajuaje mafuta yametoka kwenye kidumu? Upande wa kunyonya bado una shida, au SCV.

#40 mbeya baridi
Kidumu kilikuwa na mafuta ya BARIDI. Yametoka kivulini. Ya kwenye tenki yameshazunguka kwenye injini yanarudi na moto wake. Hilo linaunga mkono injekta, sio SCV. Na bado hamjapiga kompresheni, moshi mweupe asubuhi haujajibiwa na yeyote.

#41 Spana 17
Injekta inayotiririsha inatoa moshi mweupe, umesema mwenyewe #22.

#42 mbeya baridi
Nimesema AMA.

#43 Dada Logistiki
Mimi kwenye yangu moja ilikuwa hosi ya kunyonya, mpira umechoka ndani, ukivuta mzigo inajikunja kama mrija wa juisi. Ukizima inafunguka. Nje inaonekana nzima kabisa. Tulihangaika mwezi. Viazi Mviringo kwenye kidumu mlitumia hosi ile ile au mpya?

#44 Viazi Mviringo
Mpya. Ilikuwa hosi ya kioo ile nyeupe, kwa sababu fundi alitaka kuona mapovu.

#45 komoni_reli
Na aliona?

#46 Viazi Mviringo
Utingo ndiye aliyekuwa anaangalia. Anasema mwanzoni hakuna, kwenye ile kona ilipowaka aliona "vichache". Sijui vichache ni vingapi.

#47 Makanika wa Changamwe
Mapovu kwenye kidumu kipya na hosi mpya? Hayo yameingilia kwenye kidumu au kiungio cha hosi hiyo, ila hewa inaweza kuingia pia mbele ya hapo bila kuonekana kwenye hosi, kwa kichwa cha filta au sili ya pampu ya mkono. Washa (ringi) za shaba za boliti zilibadilishwa mlipofungua filta, ama mlirudisha za zamani?

#48 Viazi Mviringo
Za zamani.

#49 Makanika wa Changamwe
Badilisha leo. Ni bei ya soda.

#50 Foleni Tunduma
Mimi nimevuka. Betri nimebadili zote mbili, kodi nne kati ya tano zimeondoka, 157 imebaki. Nikipata nafasi hapa Nakonde napima hiyo ritani. Asanteni sana, uzi huu nimeuseva.

#51 Viazi Mviringo
Washa mpya tumeweka, hosi ya kunyonya mpya. Injekta ya 2 na ya 4 nimezituma Dar kwenye mashine ya kupimia, watanijibu wiki ijayo, kwa sasa nimeazima mbili za mtu hapa Makambako zilizopimwa, na namba zake tumeziingiza. Moshi wa asubuhi umepungua ila haujaisha. Kompresheni fundi atapiga Jumamosi akipata geji. Mzigo ulikuwa lazima uende, viazi vilishapakiwa.

#52 Spana 17
Umebadili vitu vitatu kwa siku moja, hata ikipona hatutajua nani alikuwa sahihi hapa.

#53 Viazi Mviringo
Najua mkuu, ila viazi vinaoza.

#54 Viazi Mviringo
Gari linarudi. Dereva kanipigia sasa hivi yuko Ruaha Mbuyuni, saa nane na nusu mchana, anasema jua kali, mifuko 100. Mashine imechomekwa utingo anaisoma, sailensa inaonyesha MPa 34 iliyotakiwa kwa 34 iliyopo. Hawajaanza kupanda.

#55 komoni_reli
Sailensa isikupe raha, hata pampu mbovu inaweza kutoa 34. Mwambie utingo aandike namba zote mbili kwenye kila kona, na saa. Halafu aangalie hosi, mapovu ahesabu.

#56 tanboi mstaafu
Tupo hapa.